Kapita Aliyetaka Tuje Bila Filimbi

Alizaliwa wapi, na ukoo wake ulikuwa upi, sitasema, kwa sababu nilipoolewa Kalembe hakuna aliyekuwa akiuliza tena mambo hayo. Aliitwa Kapita, basi. Ukapita wenyewe alikuwa ameshauacha, lakini jina lilimng'ang'ania kama harufu ya moshi inavyong'ang'ania blanketi. Watoto walimwita Papa Kapita. Mume wangu hakumwita kitu chochote. Akimwona njiani aligeuza uso akaangalia migomba.

Nieleze kidogo, maana anayesoma leo anaweza kudhani kapita ni cheo cha heshima tu. Barabara inayotoka Masisi kuelekea Walikale ilichimbwa kwa mikono, na kwa mikono iliendelea kutunzwa. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake cha kufyeka majani, kufukia mashimo na kufungua mifereji mvua ikinyesha. Kazi hiyo iliitwa kazi ya Leta, yaani ya serikali, na haikuwa ya hiari. Kapita ndiye aliyesimama juu ya watu, filimbi shingoni. Alipuliza asubuhi, mkaenda. Alipuliza mchana, mkarudi. Aliyechelewa alitajwa kwa wakubwa, na aliyetajwa alilazwa chini akachapwa fimbo.

Kapita mwenyewe hakushika fimbo. Alipenda kulisema hilo.

"Miye sikupiga muntu hata mumoja," alisema.

Nyumbani, mlango ukishafungwa, mume wangu alimjibu: "Kweli. Alikuwa anaonyesha tu kidole."

Sasa nieleze kisima, kwa sababu bila kisima huwezi kumwelewa mzee huyu. Chini ya mgongo wa mlima wetu palikuwa na chemchemi, maji yakitoka katikati ya mawe mawili. Wanawake wote wa upande wetu waliteka pale. Mwaka nilioolewa maji yalikuwa meupe, ukitazama unaona changarawe chini. Kisha, baada ya vita ile ya pili ya Wazungu, watu waliongezeka na mashamba yakapanda. Maharage na mahindi ya Papa Bauma, jirani yetu, yalifika hadi kichwani mwa chemchemi. Kila msimu wa mvua udongo ulishuka. Tuliteka tope, tukaliacha litulie ndani ya mtungi mpaka asubuhi, na bado watoto wakaumwa matumbo. Aliyekataa tope alishuka hadi mtoni, akapanda mlima na mtungi kichwani.

Kapita alitaka mambo matatu ya wazi. Kipande cha juu ya kisima kiachwe bila kulimwa, kipandwe miti. Mfereji uchimbwe kukata mteremko, ili tope lipite kando. Na jicho la maji lisafishwe. Alijua kazi ya mifereji kuliko mtu yeyote pale, na hakuna aliyembishia katika hilo. Tulichombishia ni jambo la nne, lile alilolipenda kuliko yote: alitaka watu waje wenyewe.

Nilimwambia siku moja, "Papa, si uende tu kusema ku Leta? Batatoa amri, kazi itaisha."

"Nikienda ku Leta maji itapona," alinijibu. "Lakini kisha? Angalia barabara ile. Nimeisimamia miaka na miaka. Siku filimbi inanyamaza, majani inaota. Miye nataka kazi moja tu yenye haiote majani nyuma yangu. Moja tu, mbele ya kufa."

Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake, na kwa miaka mingi sikuona haja ya mtu iliyovurugwa namna ile, na wengine na mwenyewe.

Mara ya kwanza alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba kwa upole tukutane kisimani Jumamosi asubuhi. Watu walisema ndiyo, kama wanavyosema ndiyo kwa mgeni anayeaga. Jumamosi ikafika, ukungu mlimani, hakuna aliyetoka. Nami nilikuwa pale chini na mtungi wangu. Kapita alizunguka mawe yale, akatazama njia, akatazama jua. Kisha mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya: ukaingia shatini, ukatoa filimbi, akapuliza.

Ungeona Kalembe siku ile! Wanaume waliruka nyuma ya nyumba kama panya wa shambani moto ukiwashwa. Papa Bauma alijitosa katikati ya mahindi yake. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu. Alikimbilia migombani na sabuni upande mmoja wa shavu, na hakurudi mpaka sabuni ilipokauka.

"Banaenda wapi?" Kapita akaniuliza, filimbi bado mkononi.

"Papa, umepuliza filimbi."

"Njo kusudi bajue saa imefika!" Kwetu njo ni ndiyo.

"Bamejua, Papa. Njo maana bamekimbia."

Aliitazama filimbi kama vile mtu mwingine ndiye aliyeiweka mkononi mwake.

Lakini haikuwa filimbi peke yake. Kwetu kazi ya pamoja ilikuwa ya namna mbili, na kila mtoto alizijua. Kuna kazi ya Leta, inayoitwa kwa filimbi. Na kuna kazi ya mwenyewe: mtu anataka shamba lilimwe au nyumba isimamishwe, anapika kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, anawaita majirani. Wanakuja wakiimba, wanalima, wanakunywa, wanarudi wakiimba zaidi. Kesho na wewe utaitwa. Ni desturi nzuri, na mimi nilikulia ndani yake. Ila haina mlango wa kuingilia kazi isiyo na mwenyewe. Anayeita ndiye mwenye kazi, na mwenye kazi ndiye mwenye pombe.

Kwa hiyo siku moja baada ya ibada, nje ya kanisa, Papa Bauma alimsimamisha Kapita mbele ya watu wote. Bauma alikuwa mtu wa maneno. Alilima vizuri na alicheka vizuri, na alikuwa akitetea shamba lake.

"Kapita, tueleze sisi wajinga. Ile kazi ya ku kisima, kama iko ya Leta, filimbi ilie, tutakuya na kulia. Kama iko ya kwako, pombe itoke, tutakuya na kucheka. Sasa weye unasema haiko ya Leta, haiko ya kwako. Iko ya nani?"

"Ya yetu."

"Yetu ni nani? Anakaa wapi? Muniletee huyo Yetu, nimuombe pombe!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Hata katekista aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Kapita alisimama akisubiri kicheko kiishe, kama anavyosubiri mtu mvua, kisha akasema taratibu, "Yetu anakunywa tope, Bauma. Njo kwako anakaa."

Lilikuwa jibu zuri. Ila jibu zuri halichimbi mfereji.

Mimi nilifikiri dawa ni nyepesi. Nilimwendea nikamwambia, "Papa, sisi wamama tutapika kasiksi. Kila nyumba italeta ndizi. Pombe itakuwa ya bote, na kazi ya bote. Uko na shida gani?"

"Bakikunywa, bamelipwa. Na mutu mwenye kulipwa anangoja kulipwa tena."

"Lakini maji itatoka, Papa!"

"Itatoka mwaka mumoja."

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka, nikimsemea moyoni maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuwa na mtoto mgongoni anayeharisha, na huyu mzee anachagua watu wapone kwa njia ipi.

Huku kukataa malipo kulikuwa maisha yake yote. Mtu akifa, Kapita alikuwa wa kwanza makaburini na jembe lake. Krismasi ikikaribia, yeye ndiye aliyekuwa juu ya paa la kanisa akibadilisha majani yaliyooza. Arusi ya binti yeyote, kuni zimeshapasuliwa uani kabla wenye arusi hawajaamka. Gogo la kuvukia kijito likichukuliwa na maji, baada ya siku chache utakuta lingine, limechongwa juu ili mguu usiteleze. Hakusema ni nani aliyeliweka, na hakuna aliyeuliza, maana nyayo zake tulizijua. Lakini chungu kikishateguliwa, masahani yakianza kupita, Kapita alikuwa ameshaondoka. Hakuna mtu wa Kalembe aliyewahi kumwona akila kwenye karamu.

Kwake hiyo ilikuwa usafi. Kwa watu ilikuwa kitu kingine kabisa. Mama mkwe wangu, mwanamke mpole aliyewaombea hata wezi, aliniambia tukimenya viazi, "Muntu mwenye hapana kula na wenzake, anakula nini mu siri?" Unaelewa alichomaanisha. Kwetu asiyeonja chakula cha wengine ana sababu, na sababu hiyo haisemwi kwa sauti.

Nilimwambia Kapita, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilikuwa nimechoka kumtetea. "Papa, kula tu kidogo. Kiazi kimoja, bakuone."

"Nikikula batasema nilikuya juu ya tumbo."

"Usipokula banasema uko mulozi, unaroga bantu."

Alifikiri sana. Alikuwa na namna ya kufikiri huku akikwangua tope kwenye bapa la jembe kwa kidole gumba.

"Basi bora mulozi," akasema. "Mulozi banamuogopa. Labda Bauma ataacha kulima pale."

Nilicheka, ingawa nilitaka kulia.

Habari ya kuogopa ilimrudia mara nyingi, na ilimletea ugomvi na kanisa. Siku za barabara alikuwa amefika ndani ya misitu ya Walikale, na kule aliona chemchemi zilizozungukwa na vichaka vizito. Wawindaji wa kule, hata wale waliobatizwa, hawakukata mti karibu na maji, kwa kuwa wazee wao waliwaambia pana wenyewe wasioonekana. Kapita alisali kila Jumapili, mstari wa mbele, lakini alisema wazi, mbele ya katekista: "Kule banaogopa, maji iko mingi. Siye tumebatizwa, hatuogope kitu, tunakunywa tope."

"Sasa unataka turudie mizimu?" katekista akamuuliza kwa ukali.

"Hapana. Nataka Wakristo bapende maji sawa vile bapagani banaiogopa. Ni mingi ninaomba?"

Mwaka ule katekista hakumwita kupanda paa la kanisa. Kapita alipanda bila kuitwa.

Sasa nifike kwenye miti. Kwetu kuna mmea wa majani membamba marefu, usiokufa. Ukivunja kijiti ukakichomeka ardhini, hata kiangazi, kitaota. Ndiyo maana wazee waliuchagua kwa mipaka. Ukiuona umepandwa kwa mstari, umeambiwa: hapa panaanza pa mtu. Anayefungua ua mpya huupanda kabla hajasimamisha nguzo. Kapita alihitaji mizizi ya kushika udongo juu ya kisima, upesi, kabla ya mvua. Basi akauchukua ule ule. Nadhani miaka yake mingi ya barabarani, mbali na mashamba, ilimfanya auone mmea kama mizizi tu. Au alidhani akili zetu zitavuka desturi kama mtu anavyovuka kijito. Sijui. Alipanda jioni, mstari mzuri ulionyooka, kutoka jiwe hadi jiwe.

Asubuhi Kalembe yote ilikuwa imesoma mstari ule: Kapita amejimilikisha kisima.

Nilipofika na mtungi, watu walikuwa wamejaa mteremkoni, wanaume kwa wanawake, wakiinama na kung'oa. Sijawahi kuona kazi ya bidii namna ile. Papa Bauma alibeba mzigo mzima kifuani, udongo ukimwagika kwenye shati lake, akautupa ndani ya jicho la maji. "Aende akalale na maji yake!" alipiga kelele. Nilijaribu kuwaeleza. Nilisema ni mizizi tu, ni ya kushika udongo. Mwanamke tuliyekuwa tukiteka naye kila siku aliniambia, "Mama Riziki, nyamaza, weye iko mutoto yake?"

Kapita alikuja walipokwisha kuondoka. Nilijiandaa kwa hasira yake. Alivua kandambili zake za mpira wa gari, akaingia majini, akaanza kutoa vijiti kimoja kimoja.

"Balikuya wengi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Wengi, Papa. Karibu bote."

"Kuliko siku ya filimbi?"

"Siku ya filimbi hakuna mutu alikuya, Papa."

"Na leo, nani alibaita?"

"Hakuna."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, akaegemea jiwe. "Basi banaweza," akasema. "Mama Riziki, banaweza!"

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka, na kosa hili halikuwa la Bauma.

Niliwakusanya wanawake. Wanaume waache na pombe zao na mipaka yao, nilisema. Wanaoteka ni sisi. Tulikuja baada ya ibada, vijembe mkononi, tukiimba nyimbo za kanisa. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Kapita alitusubiri pale chini, na hiki ndicho kilichotoka kinywani mwake:

"Juu ya nini munafika sasa? Jua imekwisha panda!"

Wimbo ukakatika. Nilimkonyeza. Alijaribu. Kwa muda alinyamaza, akazunguka na fimbo yake ya kupimia, akimgawia kila mwanamke kipande, kama barabarani. Kisha akasimama nyuma ya mmoja.

"Dada, unalima ao unakwaruza?"

"Ninaona nimechoka," yule dada akasema, akajitwisha kijembe chake akaenda.

Nilimpeleka kando. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto, kwamba mtu aliyekuja kwa moyo ni mgeni, na mgeni huwezi kumkaripia mlangoni. Aliitikia kwa kichwa, akakubali kila neno, macho yamejaa majuto ya kweli. Mara ya pili hakusema kitu. Kweli, hakufungua mdomo. Ila mama mmoja alipomaliza kipande chake, Kapita alikwenda nyuma yake, akakichimba upya. Yule mama aligeuka akamwona. Mara ya tatu tulikuja mimi na mama mkwe, na mama mkwe alikuja kwa sababu nilimwomba.

Alitaka watu waje kwa hiari, na waliokuja kwa hiari aliwapokea kama wachelewaji wa kazi ya Leta. Niliwahi kumwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Filimbi nimeiweka ku musumari nyumbani," akasema. "Sikujua ingine imebaki mu koo."

Na nyumbani nako nilishindwa. Nilimwomba mume wangu aende siku moja tu, kwa ajili ya watoto. Hakuwa mtu mbaya. Aliweka kijiko chini.

"Ile filimbi, mama, weye uliisikia ku masikio. Miye iko mu mugongo yangu. Nikiinama mbele ya yule muzee, mugongo inakumbuka."

Nilikuwa nimeuona mgongo ule.

Miaka ikapita hivyo. Riziki wangu akaacha kubebwa, akaanza kuteka mwenyewe. Kapita akazeeka. Jicho moja lilifunga utando, na kutembea kwake kukawa kwa jembe, akilitumia kama fimbo. Kila mvua ilipokatika ungemkuta pale peke yake, akitoa tope kwa mikono. Kila mvua iliporudi, ilirudisha.

Kisha, karibu na mwisho wa miaka ile, yalikuja masika mazito, na mteremko ukaachia. Nusu ya shamba la Papa Bauma ilishuka kwa kishindo mchana, maharage yakiwa yamesimama juu ya udongo kama abiria, ikafunika mawe yote mawili. Hakuna aliyekufa. Lakini maji yalinyamaza, na Bauma alikaa ukingoni mwa shamba lake lililokatika bila neno hata moja la kuchekesha.

Sasa Leta ikasikia. Alitumwa moniteri, yaani msimamizi wa kilimo, kijana wa kaptula safi, na amri yake ilikuwa hii: kipande cha juu kiachwe, kipandwe miti, mfereji ukate mteremko, jicho lifukuliwe. Mambo yale yale matatu! Wanaume wote wenye nguvu wataitwa, atakayekosa ataadhibiwa. Niliposikia, nilishika kichwa changu kwa mikono miwili. Miaka yote ile ya kubembeleza, na sasa lilihitajika neno moja la kijana asiyejua hata majina yetu.

Moniteri aliambiwa habari za kapita wa zamani. Alimwendea nyumbani kwa heshima, nami nilikuwepo, nimempelekea mzee moto.

"Papa, banasema uko na filimbi."

"Iko."

"Basi kesho usimamie bantu wangu. Miye niko na vijiji vingine vya kuona."

"Hapana."

"Kazi ni nyepesi, Papa. Kupuliza tu."

"Najua uzito yake," Kapita akasema.

Kesho yake wanaume walipanga mstari kisimani, nyuso zimefungwa. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Moniteri aliwaita mmoja mmoja, kila mtu akaitika akashuka. Alipomaliza, tulisikia jembe likigonga mawe njiani. Kapita alikuwa anashuka, hatua moja, pumzi moja.

"Papa, umekubali?" moniteri akasema kwa furaha. "Simama pale juu."

Kapita alimpita, akaendelea kushuka hadi topeni.

"Papa, hapo chini sikukuita!"

"Njo maana nimekuya," Kapita akasema, akainua jembe.

Wachache walicheka. Wengi hawakucheka. Walifanya kazi kama kazi ya Leta inavyofanywa, jembe likipanda polepole na kushuka kwa uzito wake tu. Mchana moniteri akapuliza filimbi yake, na kabla mlio haujaisha majembe yalikuwa mabegani. Papa Bauma alipita karibu na Kapita, akasimama kidogo, akasema, "Pole, Kapita," akaenda zake. Mlima ukabaki mtupu, isipokuwa yule mzee aliyeinama.

Na mume wangu. Nilikuwa nimemletea chakula, nikasimama na kikapu kichwani bila kusogea. Jembe lake lilikuwa begani. Alitazama njia ya nyumbani, akatazama mgongo wa yule mzee uliopinda topeni, uko chini kuliko wake. Nilimwacha aamue mwenyewe. Mume wangu ukimsukuma anarudi nyuma kama mbuzi. Mwishowe alishuka, akaingia mferejini upande wa pili, mbali.

"Usinisimamie," akasema.

"Nitakusimamia namna gani? Ona, nimeinama."

Wakachimba. Udongo uliruka pande mbili, nami nikaanza kupumua. Nilikuwa sijamaliza hata pumzi moja Kapita alipoinua kichwa, akautazama kwa jicho lake zima upande wa mume wangu.

"Imepinda," akasema.

Jembe la mume wangu lilisimama hewani. Niliona mgongo wake ukikaza chini ya shati. Nikafikiri: Bwana, miaka yote hii, na mdomo ni ule ule. Kapita naye alilisikia neno lake likiwa limeshatoka. Alipeleka mkono mdomoni, mkono wote uliojaa tope, akaufunika, akabaki hivyo, jicho limefunguka kama la mtoto aliyevunja mtungi.

Mume wangu alimtazama. Kisha akageuka, akautazama mfereji wake kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi nyuma mahali ulipoanza kwenda kombo, akaunyoosha.

Ulikuwa umepinda kweli.

Nilipoteremsha kikapu, na mvuke wa maharage ukatoka, Kapita akachukua jembe lake akaanza kupanda mlima. Nilimwita. Hakugeuka, aliinua mkono tu. Ndiyo mara ya mwisho ninayomkumbuka vizuri, mgongo ule ukipanda polepole, tope likikauka kidevuni.

Mume wangu alikula akimfuata kwa macho mpaka alipoingia migombani.

"Uyu muzee iko mubaya kweli," akasema, mdomo umejaa.

Nilimsogezea kiazi kingine.

"Kesho uniamushe mbele ya jogoo," akaendelea, akipangusa bakuli kwa kipande cha kiazi. "Nataka nifike hapa yeye bado hajafika. Nimeona ile upande yake. Ya kwake njo imepinda."